Kavu Juu, Mbichi Ndani: Somo la Shampuu ya Kipande na Amana ya Biashara



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita nilitengeneza vipande 38 vya shampuu na kuviuza kwa dada zangu wa hosteli, hapa Mbale, kwa shilingi 3,000 kila kimoja. Nilivifunga kwa karatasi ya kijani na kuandika kwa mkono: "Shampuu ya Sunna, gramu 120." Nilikuwa nadaiwa ada, na wateja walikuwa tayari. Vyote vilikwisha kwa siku mbili.

Wiki mbili baadaye, baada ya Isha, dada mmoja wa mwaka wa kwanza aligonga mlango wangu. Mkononi alikuwa na kisahani cha sabuni, na ndani yake kitu mfano wa uji mzito. "Dada, samahani kukusumbua," aliniambia. "Labda nimekitumia vibaya mimi." Nilichukua kipande kimoja ambacho hakijaguswa na maji, nikakikata kwa kisu. Juu kilikuwa kigumu na kizuri. Ndani kilikuwa kibichi na cha kunata, kama muhogo uliochemshwa kupita kiasi.

Yeye alijilaumu, na kosa lilikuwa langu. Makala haya ni somo nililolipata kutokana na kosa hilo. Sehemu yake moja ni ya fiqhi na nyingine ni ya ufundi, na nimeona haziachani.

HUKUMU YA KITU KILICHO KAVU JUU

Wiki ile ile darasani tulikuwa katika mlango wa khiyari, yaani haki ya kuendelea na mauziano au kuyavunja. Ustadhi wetu alitusomea hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule bwana alijibu kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu ili watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wao.

Nimeisikia hadithi hii tangu madrasa. Siku ile niliisikia kama inanihusu kwa jina. Lundo lake lilikuwa kavu juu na bichi ndani, na vipande vyangu vilikuwa hivyo hivyo.

Baada ya kipindi nilimfuata Ustadhi nikamweleza. Nilisema, "Ustadhi, mimi sikujua." Alinifafanulia mambo mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya. Kwanza, asiyejua aibu ya bidhaa yake hana dhambi ya udanganyifu. Pili, kutojua kwake hakuondoi haki ya mnunuzi. Aibu ikiwa ilikuwepo kabla mnunuzi hajakabidhiwa, naye hakuijua, na inapunguza thamani au manufaa ya kitu, basi anayo khiyari ya aibu: anaweza kurudisha na kuchukua pesa zake. Na ikiwa kitu kimekwisha kutumika hata hakirudishiki, haki yake ni arshi, yaani fidia ya ule upungufu. Kisha akaongeza: "Ila kuanzia leo, wewe unajua." Maana yake nilifahamu. Kipande kitakachofuata hakitakuwa na udhuru.

Niliamua kumrudishia kila mmoja pesa zake zote, awe amekitumia au hajakitumia. Halafu nikarudi kwenye ufundi, kwa sababu toba ya fundi ni pamoja na kujua alipokosea.

KWA NINI SABUNI HUWA NGUMU

Shampuu za kipande ni za aina mbili. Moja hutengenezwa kwa viosho vya unga vya kiwandani vilivyoshindiliwa. Nyingine ni sabuni halisi: mafuta yaliyokutanishwa na kostiki soda hadi vyote viwili vikageuka kuwa kitu kipya. Mimi nilitengeneza hii ya pili, na ndiyo ninayoieleza hapa.

Ugumu wake hutokana na mambo manne.

1. Aina ya alkali. Hata neno hili "alkali" limetoka katika Kiarabu, al-qili, yaani majivu ya mimea ya ardhi ya chumvi. Majivu ya aina hiyo yana sodiamu, na sodiamu hutoa sabuni ngumu. Ndiyo maana sabuni za Sham, kama ile ya Nablus ya mafuta ya zeituni, ni vipande vigumu tangu zamani. Majivu ya kuni au ya maganda ya ndizi yana potasiamu kwa wingi, na potasiamu hutoa sabuni laini au ya majimaji. Kwa hiyo dukani usikubali kuuziwa potashi mahali pa kostiki soda. Magadi ya kupikia nayo siyo kostiki soda, hayatafanya kazi hii. Na kostiki iliyokaa wazi hunyonya unyevu na hewa na kupungua nguvu. Nunua iliyofungwa vizuri na uifunge vizuri.

2. Aina ya mafuta. Mafuta ya nazi hutoa sabuni ngumu yenye povu jingi, lakini yakizidi sana hukausha nywele. Mawese hutoa ugumu unaodumu. Mafuta ya nyonyo hushikilia povu, lakini yakizidi sabuni inanata na kulainika. Mafuta ya shea hapa kwetu yana jambo lake: shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Ukichukua kipimo kilichoandikwa kwa shea ya Ghana ukatia shea ya Lango, kipande chako kitakuwa laini kuliko ulivyotarajia.

3. Maji. Maji yanahitajika kuyeyusha kostiki tu. Yote yanayozidi hapo lazima yatoke baadaye, na yasipotoka yanabaki katikati ya kipande.

4. Muda. Sabuni iliyokatwa leo ni ngumu kwa macho tu. Uso wake hukauka kwanza, na ndani hufuata polepole kwa wiki nyingi. Huko Nablus mafundi hupanga vipande katika minara mirefu ya duara yenye nafasi kati ya kipande na kipande. Minara ile inapendeza, lakini kazi yake ni kupitisha hewa.

Sasa tazama kipimo changu cha kwanza. Nyonyo asilimia 30, kwa sababu nilisikia inakuza nywele. Shea asilimia 30, kwa sababu ni nzuri kwa ngozi. Nazi 25 na mawese 15 tu. Maji gramu 400 kwa kila kilo ya mafuta, na juu yake nikaongeza maji ya alovera. Vipande vilikaa siku 6, tena katika msimu wa mvua, nikaviuza. Kati ya mambo manne, nilikosea matatu kwa pamoja. Na lile neno "Sunna" kwenye karatasi lilitokana na matone machache ya habbat sauda. Kutumia dini kama rangi ya kuuzia bidhaa mbichi, hilo lilinisumbua kuliko hata ubichi wenyewe.

KIPIMO KILICHONYOOKA

Pima kila kitu kwa mizani ya gramu, hata maji. Usipime kwa kikombe. Hiki ni kipimo cha kilo moja ya mafuta:

Mafuta ya nazi: gramu 400
Mafuta ya mawese yaliyosafishwa: gramu 400
Mafuta ya shea: gramu 100
Mafuta ya nyonyo: gramu 100

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Gramu moja ya nazi huhitaji gramu 0.183, mawese 0.142, shea 0.128, nyonyo 0.128. Hesabu ni hii:

Nazi: 400 × 0.183 = 73.2
Mawese: 400 × 0.142 = 56.8
Shea: 100 × 0.128 = 12.8
Nyonyo: 100 × 0.128 = 12.8
Jumla: 155.6

Kutoka jumla hiyo tunapunguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki isibaki. Tunapata gramu 148. Maji ni mara mbili ya kostiki: gramu 296. Katika maji hayo yeyusha kwanza gramu 10 za chumvi ya kawaida, ambayo husaidia ugumu. Usizidishe chumvi, kwani inaua povu na kufanya kipande kikatike ovyo.

Ukibadilisha mafuta, hata moja, fanya hesabu upya. Kuchukua namba za mwenzako ukazitia kwenye mafuta tofauti ni hatari: kostiki ikizidi inaunguza ngozi ya kichwa.

HATUA KWA HATUA

Kostiki soda si kitu cha mchezo. Vaa glavu, miwani ya kukinga macho na nguo ya mikono mirefu. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na watoto. Usitumie sufuria ya alumini, kwani kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito. Mwaga kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki kamwe, maana inaweza kuchemka na kukurukia. Ikikugusa, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu.

Mchanganyiko huo utapata moto wenyewe. Uache upoe hadi nyuzi 40 hivi. Yeyusha mafuta, nayo yafike joto hilo hilo, kisha mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta huku unakoroga. Koroga mpaka upate uji mwepesi: ukidondosha kidogo juu, tone linaacha mstari kabla ya kuzama. Jihadhari na kuganda kwa uongo. Shea na mawese yakipoa sana huwa mazito yenyewe, ukadhani sabuni imeshikana kumbe ni mafuta tu yameganda. Hapo kostiki hubaki katika vifuko ndani ya kipande.

Mimina kwenye kisanduku kilichotandikwa karatasi, funika, acha saa 24 hadi 48, kisha kata. Panga vipande kwenye wavu au chanja, visigusane, ndani ya chumba chenye madirisha, si juani. Vigeuze kila wiki. Muda wake ni wiki 4 hadi 6, na katika mvua za hapa chini ya Mlima Elgon mimi huhesabu 6.

Kabla ya kuuza, fanya majaribio matatu. Kwanza, kata kipande kimoja katikati. Ndani pafanane na nje. Pili, tumia karatasi ya kupimia alkali kwenye povu: sabuni nzuri husoma 9 hadi 10. Ikifika 11 na zaidi, usiiuze. Tatu, nawia kipande kimoja wewe mwenyewe kwa wiki nzima, ukikiweka kwenye kisahani chenye matundu.

Na mwambie mnunuzi ukweli wa jambo jingine. Sabuni ni ya alkali, na nywele hupenda uchachu kidogo. Kwenye maji magumu huacha utando pia. Baada ya kuosha, asuuze kwa kijiko kikubwa kimoja cha siki ndani ya lita moja ya maji, kisha kwa maji safi. Asipoambiwa, atadhani nywele zake zimeharibika.

MIZANI NA TATFIFI

Hili sikulitarajia. Katika kipimo kipya, mchanganyiko wote ulikuwa gramu 1,454, nami nikakata vipande 12 vya gramu 120. Nilipima kipande kimoja kila wiki na kuandika daftarini. Siku ya kukata: 120. Wiki ya kwanza: 114. Ya pili: 111. Ya nne: 107. Ya sita: 106, na hapo uzito ukasimama.

Gramu 14 zilikuwa maji, na zilikwenda na hewa. Sasa, fundi anayeandika "gramu 120" kwa sababu ndivyo ilivyopima siku ya kukata, anauza nini? Sura ya al-Mutaffifin inafungua kwa onyo kali kwa wanaopunja katika vipimo. Mimi nilikuwa nimeandika 120 kwenye vipande ambavyo, vingekauka, visingefika hata 105. Mnunuzi alilipia maji yangu.

Nimejifunza pia kuwa mizani ndiyo shahidi bora wa ukavu. Macho na vidole vinaona juu tu. Kipande ambacho uzito wake bado unashuka wiki hadi wiki bado ni kibichi, hata kama kinalia ukikigonga. Uzito ukisimama, ndipo uandike namba kwenye karatasi, na ndipo uuze.

MAFUTA YA WANYAMA JE?

Wengi wameniuliza. Mafuta ya ng'ombe hutoa sabuni ngumu sana, na ni rahisi. Akiwa amechinjwa kisheria, hapana shaka. Suala ni mafuta usiyoyajua asili yake, au ya mzoga. Hapa wanazuoni wametofautiana juu ya istihala, yaani kitu kugeuka kuwa kitu kingine. Wanazuoni wa Kihanafi wamefutu kuwa sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta najisi imekuwa tohara, kwa sababu mafuta yamegeuka. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, mlango huo ni mwembamba: hutajwa mfano wa pombe iliyogeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu, na ngozi ya mzoga iliyotiwa dabaghi. Sabuni ya mafuta najisi haimo humo.

Mimi nimechagua mafuta ya mimea tu, kwa ile kanuni ya kuwa kutoka katika khilafu kunapendeza. Dada atakayekoga josho kwa sabuni yangu asiwe na wasiwasi katika tohara yake. Na tusisahau kuwa Sunna ilitufundisha majani ya mkunazi katika josho la hedhi na la maiti, nayo hutoa povu lake bila kostiki yoyote.

HITIMISHO

Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, tunafundishwa kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika mauziano yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Zamani nilidhani baraka ya biashara ni kuuza upesi. Vipande 38 kwa siku mbili, nikaiita baraka. Sasa naona kwamba wiki sita za kungoja zimo katika kipimo, kama nazi na mawese. Ukizitoa, umempa mteja kitu pungufu, naye hawezi kuona kwa macho kilichopungua.

Ndugu yangu unayeuza sambusa, unayeshona kanzu, unayetengeneza simu au unayeandikia watu kazi kwa kompyuta, jiulize swali hili: mkono wa mtu ukiingia ndani ya lundo lako, utakuta nini?

Mwisho, tangazo langu mwenyewe. Kati ya walionunua vile vipande vya kwanza, 35 wamekwisha kupokea pesa zao au wamesamehe kwa ridhaa yao, Allah awalipe kheri. Watatu sijawapata. Kama ulinunua shampuu yenye karatasi ya kijani nawe hujarudishiwa, huna haja ya kuonyesha kipande wala kueleza kitu. Shilingi zako 3,000 zimo kwenye bahasha, kwa amiri wa dada katika sehemu ya wanawake ya msikiti wa chuo. Ni haki yako, na mimi nitalala vizuri ukiichukua.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie chumo la halali, atusafishe ndani kama anavyotusafisha nje, na atusamehe tuliyoyakosea kwa kujua na kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.